Tairi la mbele lina kashata zote lakini ni la 2015: nilivue au nitembelee?

Mwalimu wa Soni
Habari za jioni wakuu. Mzee wangu alifariki mwaka jana, akaniachia pikipiki yake ya TVS aliyokuwa akiendea shamba na msikitini. Ilikaa bandani tangu alipoanza kuugua, karibu miaka minne. Nimemwaga oili, nimesafisha kabureta, imewaka. Kinachonisumbua ni tairi la mbele. Kashata, yaani yale meno ya tairi, zimejaa, pembeni lina hata vile vinyweleo vya mpira, maana mzee alilitembelea muda mfupi tu. Lakini nikilibinya ubavuni naona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, na kucha haizami, inateleza kama kwenye ndoo ya plastiki. La nyuma limekwisha katikati, hilo sina mjadala nalo.

Nyumbani wanasema kutupa tairi zima hivyo ni kuchezea pesa. Mimi kila Ijumaa nashuka Mombo na kupanda tena, nyuma nimempakia mke wangu. Anayeijua barabara ile anajua kona zake, na lami inavyokuwa ikishukiwa na ukungu. Naogopa, na papo hapo naona uchungu kukivua kitu alichokifunga mzee kwa mkono wake. Namba za ubavuni zinaishia 1115. Ndiyo tarehe?

Fundi wa Mombo
Pole kwa msiba, mwalimu. Ndiyo tarehe. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: wiki ya 11 ya 2015, yaani Machi. Mstari wake huanza na herufi DOT, na mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, kwa hiyo asiyeiona azunguke upande wa pili. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, hilo ni la kabla ya 2000, usilifikirie kabisa.

Kashata zimebaki kwa sababu halikutembea, ila mpira wenyewe uliendelea kuzeeka humo bandani. Kiwandani huchanganya dawa ya kuzuia mpira usiliwe na hewa, na dawa hiyo hutoka vizuri juu tairi linapozunguka na kujikunja. Likisimama miaka, tena upepo umepungua na uzito wa pikipiki umelilalia, linakauka na kupasuka palepale lilipokunjwa. Michelin wanashauri tairi likizidi miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi tangu kutengenezwa livuliwe hata kama linapendeza. Lako limepita, na nyufa umeshaziona. Usishuke nalo, hasa kwa kuwa ni la mbele. La nyuma likiteleza, mara nyingine dereva anaiwahi. La mbele likiteleza kwenye kona, huna muda wa kufanya lolote.

Boda wa Korogwe
Naongeza hapo kwa fundi. Mimi niliuziwa tairi "jipya", karatasi bado imebandikwa kwenye kashata. Mvua ya kwanza tu breki ya kawaida ikanilaza, bega likatoka. Nilipoangalia namba nikiwa nimekaa nyumbani na mkono shingoni, tairi lilikuwa na miaka saba, limekaa dukani juani. Siku hizi silipi kabla sijasoma namba mwenyewe. Muuza duka akinuna nahamia duka la jirani.

Mwalimu wa Soni
Pole sana ndugu yangu. Basi hilo la mbele nimekubali. Na hilo jipya la nyuma nitajuaje limefika mwisho, nisisubiri kipara?

Fundi wa Mombo
Ubavuni tafuta herufi TWI au kijipembetatu. Ukifuata usawa wake hadi kwenye mfereji wa kashata utaona kinundu cha mpira. Kashata zikilingana nacho, limeisha. Kwa pikipiki nyingi kinundu hicho kina urefu wa milimita 0.8 tu, na mimi kwa njia yenu ya milimani wakati wa masika sisubiri kifike. Zikibaki milimita 2 navua. Chomeka njiti ya kiberiti katikati ya tairi, weka alama kwa kucha, pima kwa rula. Pima katikati, kwa sababu ndiko kunakoliwa kwanza.

Ukifunga mapya weka na tyubu mpya, fuata mshale wa mzunguko, na kilomita 100 za kwanza usilaze kona. Tairi jipya lina utelezi juu.

Mwalimu wa Soni
Nimefunga yote mawili jana. Dukani nilisoma namba nne kwa sauti, muuzaji akanishikia tochi ya simu. Lile la mzee sikulitupa, nimelifukia nusu kwenye kona ya bustani, mama amepanda mchicha ndani yake. Ijumaa nashuka, polepole.