Nasoma teolojia ila misimamo tofauti ndani ya Kanisa inanichanganya, naombeni ushauri

Mlei_Msomaji: Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Nasoma teolojia mwaka wa pili na naipenda kweli, ila padre mmoja anatufundisha kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960, ni zawadi kubwa, mwingine anasema liturujia, yaani ibada za Kanisa, imeporomoka toka hapo, nikirudi nyumbani grupu la WhatsApp la jumuiya limejaa klipu za watu wanaodai Papa kapotoka. Fiducia Supplicans, hati ya Roma iliyoruhusu baraka zisizo za kiliturujia kwa wapenzi wa jinsia moja, ilipotoka Desemba 2023 wote waliniuliza mimi, Januari maaskofu wa Afrika nao wakasema baraka zile kwetu hazifai, sasa namfuata nani? Naogopa nisije kumaliza digrii imani imeisha.

Katekista_Mstaafu: Milele amina mwanangu. Kabla ya kuuliza nani yuko sahihi uliza jambo lenyewe lina uzito gani. Ufufuko wa Bwana ni dogma, yaani fundisho la imani lisilobadilika, hapo hakuna mjadala. Ruhusa ya kuadhimisha Misa ya zamani, ile ya Kilatini ya kabla ya Mtaguso, ni nidhamu, yaani kanuni zinazoweza kubadilishwa, Benedikto wa 16 aliifungulia mlango 2007, Fransisko akaubana 2021. Soma Lumen Gentium, hati ya Mtaguso kuhusu Kanisa, namba 25 taratibu utaona hata Papa hasemi kila neno kwa uzito uleule.

Mwanakwaya: Hiyo ya SECAM, umoja wa maaskofu wa Afrika, watu wamesoma vichwa vya habari tu. Barua ya rais wake, Kardinali Ambongo, ilikataa baraka zile na papo hapo ikasema wako katika ushirika na Papa, na Roma ilishatangulia kusema mafundisho ya ndoa hayajabadilika.

Sista_K: Mi kilichonituliza ni historia. Padre Yves Congar, mwanateolojia Mfaransa, alizuiwa kufundisha 1954, akavumilia akiwa ndani ya Kanisa, baadae akaitwa kuwa mtaalamu kwenye Mtaguso na 1994 akafanywa kardinali. Lefebvre, mpinzani wa mabadiliko ya Mtaguso aliyewahi kuwa askofu mkuu wa Dakar, yeye 1988 aliweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, akatengwa. Wote waliumia jamani, angalia kila mmoja alifanya nini na maumivu yake.

Mlei_Msomaji: Asanteni sana, hapo kwenye uzito sikuwahi kufundishwa hivyo. Na yule padre wa liturujia nimuulize darasani?

Katekista_Mstaafu: Mfuate ofisini, nenda na hati ya Mtaguso kuhusu liturujia mkononi, muombe akuonyeshe aya anayoilalamikia. Na klipu zile usizijibu usiku, sali Masifu ya Jioni ulale.