Tupeane uzoefu: neno gani lilikugombanisha na watu, kumbe kila mmoja alikuwa na maana yake?

MwanaKibirizi (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Au mwanzo wa reli, inategemea umepandia wapi. Hata hilo nimeshalibishania mpaka kahawa ikapoa.

Wiki iliyopita nilivaana na jamaa yangu wa Mwanza kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Nilisema Ziwa Tanganyika ndilo ziwa kubwa Afrika. Akacheka, akatuma ramani. Nami nikatuma tarakimu za kina. Siku mbili nzima, watu wenye watoto wa sekondari, tunatoleana povu.

Victoria lina eneo la kama kilomita za mraba 68,800, zaidi ya mara mbili ya letu. Hapo jamaa alikuwa sahihi. Lakini Victoria hata mita 90 kwenda chini halifiki, wakati Tanganyika linashuka karibu mita 1,470. Ukipima maji yenyewe, letu lina kilomita za ujazo 18,900 hivi na lao halifiki hata 3,000. Hapo nami nilikuwa sahihi. Yeye alihesabu uso wa maji, mimi nikahesabu maji. Hakuna aliyekosea tarakimu hata moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Kubwa kivipi?" Aliniita mwongo, nikamwita mbumbumbu wa mkondo B, na mpaka leo salamu zetu ni "poa" tu.

Tupeane uzoefu. Sharti ni moja: leta kisa chako mwenyewe, na ulitaje hilo neno.

BiNgambo

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Tabora, tuko akina mama 23. Neno langu ni "wote".

Niliandika kwenye kundi: "Wanachama wote hawajalipa hisa za wiki hii." Nilimaanisha wapo waliolipa na wapo ambao bado. Kuna mwenzetu alilipa Jumatatu asubuhi, mkononi kwangu, na daftari lake nikamsainia. Yeye akasoma kwamba hakuna hata mmoja aliyelipa. Sasa kama hakuna aliyelipa, na yeye amelipa, hela yake iko wapi? Kwangu, tumboni.

Alikuja nyumbani kajifunga kibwebwe. Hakuandika kitu kundini, alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka Cheyo.

Aliyetuamua ni mwanangu wa kidato cha sita, alikuwa anakula maembe barazani. Alituambia: mama, umekanusha kitendo, hukukanusha idadi. "Wote hawajalipa" mtu anaweza kuisoma kwamba kila mmoja wao hajalipa. Ungeandika "si wote waliolipa", pasingekuwa na njia mbili. Tukamtazama wote wawili. Mwenzangu akasema, "Kumbe wewe hukuniibia, ulininyima sarufi." Tukacheka, lakini chai alikataa kunywa siku ile.

Siku hizi siandiki "wote". Naandika majina, mmoja mmoja. Wananichukia zaidi, ila wanaelewa.

Isevya_Mjini

Langu fupi. Nilipofika Dar mara ya kwanza niliandika kwenye kundi la mtaa kwamba kwetu ni Unyamwezini na narudi mwezi wa kumi na mbili. Watu watatu wakanifuata pembeni niwaletee simu. Mmoja aliniuliza viza nilipataje. Nikabishana nao usiku kucha kwamba Unyamwezini ni Tabora, wao wananiambia Unyamwezini ni Marekani, acha ushamba. Mimi! Mnyamwezi wa Isevya!

BiNgambo

@Isevya_Mjini viza ya Urambo ni ngumu siku hizi 😂

MzeeKasingirima

Wanangu, nami nilete langu, ingawa mimi si mtu wa kuandika sana.

Tulikuwa na hitima ya marehemu kaka yangu hapa Ujiji. Nikaandika mwaliko kwa mkono wangu: "Hitima itasomwa usiku wa Jumamosi." Kwa sisi tuliolelewa hivyo, siku inaanza jua likizama. Giza likiingia siku ya Ijumaa, huo tayari ni usiku wa Jumamosi. Ndivyo tunavyosema usiku wa Ijumaa tukimaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Hata saa zetu ziko hivyo, saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku.

Wakwe zangu walitoka Tabora kwa treni, wamechoka, na mchele wao kichwani. Wakafika Jumamosi jioni. Wakatukuta tunasugua masufuria.

Mkwe wangu mkubwa hakukaa. Alisimama uani, akatoa ule mwaliko mfukoni, akausoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya majirani. Nikamwambia, "Ndivyo nilivyoandika, na ndivyo ilivyokuwa." Akasema, "Leo ni Jumamosi, na huu ni usiku. Nionyeshe nilipokosea." Nikamwambia huu ni usiku wa Jumapili. Akadhani namdhihaki.

Vijana wangu wananiambia siku hizi niandike "Ijumaa usiku" au "usiku wa kuamkia Jumamosi". Sawa, naandika. Lakini siwezi kusema nilikosea.

Heru_Juu

Shikamoo mzee. Lugha hukukosea, ulikosea wasomaji.

MzeeKasingirima

Marahaba mwanangu. Wasomaji ndio wamekosea lugha.

AsaliYaSikonge

Wakuu, mimi nauza asali. Neno langu ni "ina".

Mteja wa mbali aliandika chini ya picha zangu: "Asali yako ina sukari, imeganda." Nami kwa kujiamini kwangu nikajibu, "Ndiyo, asali yote ina sukari." Ndani ya saa moja nilikuwa nimeshakiri kosa mbele ya watu. "Kakubali mwenyewe!" Jibu langu likasambazwa bila lile neno "yote".

Nilichojibu ni kweli tupu. Asali ni sukari kwa kama asilimia 80, iliyotoka kwenye maua, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kuna aina mbili kubwa za sukari humo, glukosi na fruktosi, na glukosi ndiyo inayojitenga na kufanya chenga, hasa kukiwa na baridi. Unaweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, inarudi kama ilivyokuwa. Mzee wangu alikuwa akitundika mizinga ya magogo porini tangu sijazaliwa, na asali yake ilikuwa ikiganda mwezi wa sita na wa saba kama kawaida. Hakukuwa na duka la sukari huko porini.

Yule mteja alitaka kusema "imetiwa sukari". Kati ya "ina" na "imetiwa" ndipo ndoo zangu kumi na moja zilipolala hadi Krismasi.

Na hoja yake ilinikera kuliko neno. Alisema: asali iliyotiwa sukari huganda, hii imeganda, basi hii imetiwa sukari. Nikamuuliza, mlevi hupepesuka, mtoto anayejifunza kutembea naye anapepesuka, tumpime pombe? Akaniziba nisiweze kumwandikia tena. Mpaka leo sijui kama alielewa au aliudhika tu.

Heru_Juu

@AsaliYaSikonge umenigusa pabaya, mkuu. Hoja ya sampuli hiyo hiyo nimeishi nayo maisha yangu yote.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Giha na Kirundi ni lugha za ukoo mmoja, Mrundi akiongea tunasikilizana karibu kila kitu. Mwaka jana kwenye mjadala wa bei ya maharage, hebu fikiria, wa maharage, niliandika sentensi moja ya Giha kumtania rafiki yangu. Akajitokeza mtu: "Warundi ndio wanaoongea hivyo. Wewe unaongea hivyo. Basi wewe Mrundi, hapa unatafuta nini?" Nikamjibu kwamba mbuzi ana miguu minne, na meza yangu ina miguu minne, aje aichinje Idi. Watu wakacheka, yeye akaishia hapo.

Lakini niwaambie ukweli, ile si ya kuchekea sana. Babu yangu amezikwa Heru, na baba yake amezikwa Heru. Asali ikidhaniwa vibaya inakaa ndoo kumi na moja dukani. Mtu akidhaniwa vibaya anashushwa kwenye basi.

Inatosha. Endeleeni.

MgebukaMkavu

Pole sana @Heru_Juu.

Nipunguze uzito kidogo. Mimi neno langu ni "dagaa", na kwa kweli aliyekuwa na kosa ni mimi.

Nilisema dagaa wanapatikana Kigoma tu. Wakaniletea dagaa wa Ziwa Victoria. Nikasema hao si dagaa halisi. Wakaniletea wa Nyasa, nikasema hao hata harufu hawana. Wakaniletea wa baharini, nikasema hao ni samaki wadogo waliodandia jina. Kila wakija na dagaa asiyenifaa, namvua jina.

Binti mmoja, sijui yuko wapi, aliandika kitu kimoja tu: "Kaka, tuambie kwanza dagaa ni nini, halafu ndiyo tukuletee." Nikakaa nayo. Nikaandika "ni samaki mdogo wa fedha anayevuliwa usiku kwa taa." Akajibu, "Basi wetu anavuliwa usiku kwa taa." Nikafuta. Nikaandika "anayevuliwa usiku kwa taa, Kigoma." Kundi zima likapasuka.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba dagaa wetu ni wa aina mbili, wote wa ukoo mmoja na sadini, na yule wa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa. Ningelijua siku ile ningeshinda. Lakini hapo sasa neno la nani? Mvuvi wa Kibirizi anayewaanika mchangani hasubiri wanasayansi wampe ruhusa ya kuwaita dagaa, na wa Ukerewe vilevile hasubiri. Mgebuka wetu na sangara wao ni wa jenasi moja, mbona hatusemi kwamba Mwanza wanakula migebuka minene?

Ila dagaa wa Kigoma ni watamu zaidi. Hilo sibishani na mtu.

FundiMashine

Mimi niliwahi kubishania "ile ile". Liemba. Meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isije ikatekwa, na mitambo wakaipaka grisi kabisa. Waingereza wakaiinua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya. Miaka ya 1970 wakatoa injini za mvuke wakaweka za dizeli.

Jina si lile, injini si zile, mwenye nayo si yule. Mimi nikasema si meli ile ile. Tulianza saa nne asubuhi.

MgebukaMkavu

Kwani Yanga ya leo ina mchezaji gani wa 1935?

FundiMashine

Timu ni jina, meli ni chuma.

MgebukaMkavu

Na chuma cha bodi si kile kile? Tena ulisema "ilizama" au "ilizamishwa"? Kuna tofauti hapo.

FundiMashine

Nimeandika "wakaizamisha". Soma. Sianzi tena, mke wangu ananitazama.

Katibu_Mstaafu

Nimesoma visa vyote na nimecheka, lakini napingana na mleta uzi kidogo. Mnaufanya kila ubishi uonekane ni bahati mbaya ya neno. Sio kila ubishi.

Neno langu ni "nimetumia".

Kundi letu lilichanga rambirambi ya mwenzetu aliyefiwa huko Nguruka. Ilifika shilingi 340,000, zote kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akaandika: "Hela ya rambirambi nimetumia." Tukamwaga ahsante. Mungu akuzidishie, kiongozi. Watu kumi na nane walimshukuru, nilihesabu baadaye.

Wiki mbili zikapita, wafiwa wanasema hawajaona kitu. Tukamuuliza. Akajibu bila aibu: "Someni vizuri. Nilisema nimetumia. Kama ningewatumia wafiwa ningesema nimewatumia."

Kisarufi, jamani, anayo hoja. Kutumia hela ni kuimaliza, na kumtumia mtu hela ni kuipeleka kwake, na sentensi yake haikutaja mtu. Kuna vijana kundini walianza kabisa kumtetea: neno lina maana mbili, tusimhukumu. Ndipo nikawauliza swali moja. Tulipomshukuru watu kumi na nane, alijua tunamshukuru kwa maana ipi? Alijua. Alifanya nini? Aliweka alama ya mikono iliyofumbatana. 🙏

Nikasema mimi huo siuiti utata wa lugha. Mtu ametega neno kama mtego wa panya halafu anamlaumu panya kwa kutokusoma.

Alirudisha kwa mafungu manne, la mwisho nadhani alikopa. Tangu hapo kundini kwetu mtu akibanwa akisema "inategemea unamaanisha nini", tunamuuliza wewe ulitaka sisi tuelewe nini. Wengi huwa wanatoka kundini.

BiNgambo

@Katibu_Mstaafu sasa naanza kumwelewa yule mwenzangu wa kibwebwe.

MwanaKibirizi (mleta uzi)

Wakuu, nimesoma mpaka macho yanauma. @Katibu_Mstaafu nimekuelewa, na kichwa cha uzi kingekuwa kinabadilishika ningekibadilisha.

Nimempigia jamaa wa Mwanza jioni hii. Tumekubaliana: kwa uso wa maji Victoria, kwa ujazo Tanganyika. Dakika tatu tu, tukawa tunaulizana habari za watoto. Ya nne nikajisahau, nikamwambia pia letu ndilo ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, karibu kilomita 670. Akaniuliza, "Refu kwenda chini au kwenda pembeni? Na maji baridi ya friji?" Nikakata simu.

Nimechoka. Waliobaki nitawajibu kesho.

Isevya_Mjini

Kesho ipi, mkuu? Saa hizi ni saa saba usiku.

MzeeKasingirima

Kesho yake ilishaingia tangu magharibi.