Gumzo la ukoo: usiku wa Jumamosi wa Baba Mkubwa

JUMAMOSI

Rama (Tanga), 21:52
Shikamooni wakubwa wote. Baba Mkubwa hali yake siyo nzuri. Toka aliporudi msikitini magharibi anashika kifua. Anasema ni vidonda vyake vya tumbo. Kanywa dawa ya gesi mara mbili, haijamsaidia.

Shangazi Mwanaidi, 21:54
Marahaba baba. Lahaula! Mchemshie tangawizi, ajilaze kidogo. Kala nini mchana?

Rama, 21:55
Muhogo na pweza. Lakini Shangazi, jasho linamtoka mpaka kanzu imelowa, na feni inazunguka. Taya linamvuta na mkono wa kushoto anasema umekufa ganzi.

Mjomba Hamisi (Korogwe), 21:57
Poleni jamani. Tusimsumbue shemeji usiku huu. Wikiendi bingwa humkuti. Na siyo maneno yangu, niliwahi kusoma kwamba hata huko Marekani anayelazwa Jumamosi au Jumapili kwa ugonjwa wa moyo hufa zaidi kuliko anayelazwa katikati ya wiki. Apumzike, Jumatatu alfajiri awe wa kwanza kwenye foleni.

Salim (Dar), 21:58
Rama, mpe Baba simu niongee naye.

Rama, 21:59
Hataki, kaka Salim. Anasema tunamkuzia mambo.

Zuhura (New Jersey, Marekani, anafanya kazi hospitali), 22:01
Mjomba shikamoo, uniwie radhi nakukata kauli. Rama, huo tuuhesabu ni moyo mpaka kipimo kiseme vingine. Hakuna kusubiri Jumatatu, hata saa tano tusifike. Nijibu haraka: asprini inamdhuru? Amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami? Amewahi kupata kiharusi?

Rama, 22:02
Mama Mkubwa yuko hapa, anasema hapana kwa yote matatu.

Zuhura, 22:03
Basi asprini ya miligramu 300, kimoja, akitafune. Asikimeze kizima. Siyo panado, siyo diklofenaki. Kisha akae tu, asitembee hata hadi barabarani, gari lije mlangoni. Bodaboda hapana.

Salim, 22:05
Nimempigia jirani yetu wa duka, anakuja na gari lake.

Zuhura, 22:05
Mungu ambariki. Mtu mmoja apige simu hospitali sasa hivi aulize mambo matatu: kipimo cha ECG, kile cha umeme wa moyo, kinafanya kazi usiku huu? Yupo wa kukisoma? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo?

Rama, 22:10
Ameshatafuna. Gari limefika. Simu ya hospitali inaita tu haipokelewi, twende hivyo hivyo.

Rama, 22:31
Tumefika. Wametupokea vizuri, presha wamepima. ECG ipo ila chumba kimefungwa. Mwenye ufunguo kaondoka jana, anarudi Jumatatu.

Shangazi Mwanaidi, 22:32
Ya Rabi! Ufunguo?!

Mjomba Hamisi, 22:32
Ndiyo hilo nililokuwa nasema.

Zuhura, 22:33
Mjomba, una hoja, na tutaizungumza. Lakini akirudishwa nyumbani ndiyo tumempoteza. Salim, kwingine?

Salim, 22:39
Nimepata. Ya pili niliyopiga wamepokea. Mashine iko pale pale chumba cha dharura na daktari wa zamu anaisoma mwenyewe. Nimewaambia anakuja mgonjwa wa miaka 63, kifua toka magharibi. Rama nakutumia ramani.

Rama, 23:02
Tuko hapa. Walikuwa wanatungoja mlangoni na kitanda.

Rama, 23:09
Kipimo tayari. Daktari anasema ni shambulio la moyo, mshipa umeziba. Karatasi ameipiga picha amemtumia bingwa wake.

Rama, 23:24
Dripu imeanza. Ni hiyo ya kuyeyusha, itaingia kwa saa moja. Daktari alimuuliza maswali yale yale ya Zuhura na mengine mengi kabla hajaifungua.

Shangazi Mwanaidi, 23:26
Tunasoma Yasini hapa. Asiyejiweza kusoma aitikie amina.

JUMAPILI

Rama, 00:41
Maumivu yamepungua sana. Anauliza kama mbuzi walifungwa.

Salim, 00:41
Alhamdulillah. Alhamdulillah.

Salim, 08:15
Daktari anapanga asafirishwe leo kwa gari la wagonjwa, aje Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapa Upanga, wachungulie mishipa. Zuhura, kuna haja ya haraka hiyo na maumivu yametulia?

Zuhura, 08:20
Ipo. Dawa imefungua njia, lakini pale palipoziba bado pabovu. Inatakiwa mishipa iangaliwe ndani ya siku moja hivi baada ya dawa. Muuguzi asafiri naye.

Mjomba Hamisi, 09:02
Zuhura mwanangu, sijapata usingizi. Ningesikilizwa jana saa nne, leo tungekuwa tunachimba. Nieleze taratibu, maana nilifundisha hesabu miaka 31 na sipendi kubeba namba nisiyoielewa. Nilichosoma kilikuwa uongo?

Zuhura, 09:10
Hapana Mjomba, ulisoma kweli, na utafiti wenyewe ulifanyika katika jimbo hili hili ninaloishi. Walichukua wagonjwa 231,164 waliolazwa New Jersey kwa shambulio la moyo la kwanza kati ya 1987 na 2002, matokeo yakachapishwa 2007. Katika kundi la 1999 hadi 2002, waliolazwa wikiendi walifariki asilimia 12.9 ndani ya siku 30, wa siku za kazi asilimia 12.0.

Zuhura, 09:13
Lakini ngoja sehemu ambayo wengi hawafiki. Watafiti walijiuliza kwa nini. Wakaona wa wikiendi walikuwa hawapelekwi haraka kwenye chumba cha kuzibua mishipa, pale wanapopitisha waya mwembamba na puto kufungua mshipa. Walipoiweka hiyo tofauti ya huduma kwenye hesabu, pengo kati ya wikiendi na siku za kazi likawa halina uzito tena. Maana yake Jumamosi haina sumu. Shida ni chumba kisichofunguliwa. Ule ufunguo wa jana, Mjomba, ndiyo utafiti wote huo.

Mjomba Hamisi, 09:16
Subhanallah. Hata Marekani ufunguo.

Zuhura, 09:18
Hata huku. Utafiti mwingine wa 2005, wagonjwa zaidi ya 100,000, ulipima dakika toka mgonjwa aingie mlangoni hadi puto lifunguke. Saa za kazi ilikuwa wastani wa dakika 94.8. Usiku na wikiendi 116.1. Dakika 21 zimeliwa na watu kuitwa kutoka makwao. Ila wale waliopewa dawa ya kuyeyusha, kama Baba Mkubwa, tofauti ilikuwa kama dakika moja tu, kwa sababu dawa inakaa kabatini na daktari wa zamu anaweza kuianza. Mimi hilo ndilo linalonipa moyo kwa huko nyumbani.

Mjomba Hamisi, 09:31
Nimekaa na kalamu. 12.9 toa 12.0 ni 0.9. Katika wagonjwa 1000, ni 9. Sasa niambie, mtu akikaa nyumbani anapoteza wangapi?

Zuhura, 09:36
Hapo ndipo nilitaka ufike. Kuna wachunguzi walikusanya majaribio mengi ya dawa ya kuyeyusha, wakachapisha 1996. Wakipewa ndani ya saa ya kwanza toka maumivu yaanze, katika kila wagonjwa 1000 wanaokolewa 65 ambao wangekufa bila dawa. Saa ya pili, 37. Saa ya tatu, 26. Ikipita saa 12 faida karibu yote imekwisha.

Mjomba Hamisi, 09:44
65 toa 37 ni 28. Saa moja ya kukaa na tangawizi inaua mara tatu ya wikiendi yote. Na mimi nilitaka akae saa 30 na zaidi.

Shangazi Mwanaidi, 09:46
Hamisi usijiumize. Tangawizi nilisema mimi. Sote hatukujua.

Zuhura, 09:50
Mama zangu na baba zangu, kila siku napokea watu wasomi waliokaa nyumbani kwa hofu hiyo hiyo. Moyo ni nyama. Mshipa ukiziba, ile nyama iliyo mbele inakufa kidogo kidogo na hairudi. Wodini kwetu wamebadilisha utaratibu: daktari wa dharura akisoma ECG usiku, anapiga simu moja tu na timu nzima inaitwa kwa pamoja, inatakiwa wawe wamefika ndani ya nusu saa. Zamani simu zilipitia kwa mtu, naye kwa mtu mwingine. Shabaha ni dakika 90 toka mlangoni hadi puto. Sehemu kubwa ya hilo ni mpango tu, hata mashine mpya haikununuliwa.

Salim, 09:58
Na asprini? Kidonge cha bei ya pipi?

Zuhura, 10:00
Kidonge hicho hicho. Jaribio la 1988 lenye wagonjwa zaidi ya 17,000 lilionyesha asprini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo. Pamoja na dawa ya kuyeyusha, asilimia 42. Ila tuulizane kwanza habari ya damu na mzio, kama jana.

Shangazi Mwanaidi, 10:07
Mimi mwenye kisukari je? Kifua hakijawahi kuniuma.

Zuhura, 10:11
Wewe ndiyo nakuogopea zaidi, Shangazi. Mwenye kisukari, na wanawake kwa jumla, huenda kifua kisiume kabisa. Ukikosa pumzi ghafla, ukatapika, ukaishiwa nguvu na jasho la baridi likakutoka, piga simu, hata kama ni saa tisa usiku, hata kama ni Idi.

JUMANNE

Salim, 16:20
Ujumbe wa sauti wa Baba, kaniomba niwaandikie wasiosikia vizuri: "Nawashukuru wote. Wamenitia kibomba kidogo cha waya ndani ya mshipa usizibe tena, napumua. Hamisi, usiniombe radhi tena. Mimi mwenyewe nilijua siyo tumbo. Nilinyamaza kwa kuwa kwa jirani kulikuwa na harusi, nikaona nitawaharibia watu Jumamosi yao. Zuhura mwanangu, Mungu akulinde huko kwenye baridi."

Zuhura, 16:24
Baba Mkubwa 😭 Harusi ingekungoja.

Rama, 17:02
Nilirudi jana ile hospitali ya kwanza. Nilisalimia kwa adabu nikaomba kuonana na msimamizi wa wauguzi, nikamsimulia. Alisikitika kweli. Amesema ufunguo wa pili utakaa kwa nesi wa zamu kuanzia wiki hii, na amenipa namba ya chumba cha dharura inayopokelewa usiku. Nimeiandika kwa kalamu nzito nyuma ya mlango, pamoja na ya hospitali ya pili.

Mjomba Hamisi, 17:15
Na mimi nimetoka kuuliza habari ya ufunguo hospitali ya hapa Korogwe. Ikifika Jumamosi nitakwenda tena, saa tatu usiku, nione nani anafungua.