Mdomo uliochanika: kushonwa papo hapo au kumsubiri daktari wa upasuaji wa plastiki?

Swali (Malindi)
Assalaam aleikum. Mdogo wangu ameanguka na bodaboda karibu na Gede, na mdomo wa juu umechanika hadi kwenye ngozi. Idara ya dharura inasema daktari wa upasuaji wa plastiki aulizwe kwanza kwa simu. Je, kuchelewa huko hakutamdhuru?

Jibu la 1
Waaleikum salaam, na pole sana ndugu yangu. Uso hupata damu kwa wingi, kwa hivyo jeraha lililooshwa vizuri na kufunikwa kwa shashi yenye unyevu kwa kawaida huweza kushonwa hata ndani ya saa 24. Mdomo unastahili subira hiyo, kwani ukingo wa wekundu wa mdomo, pale unapokutana na ngozi, pande zake mbili zikipishana kwa milimita 1 tu, kasoro huonekana. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Jibu la 2
Naafiki, ila kidole kilichokatika hakingoji. Hicho hufungwa kwa shashi yenye maji ya chumvi ya hospitali, hutiwa katika mfuko usiopenya maji, na mfuko ndio huwekwa kwenye barafu. Kukizika ndani ya barafu ya samaki, kama wafanyavyo baadhi ya wavuvi wetu, huua nyama yake.

Mwenye swali
Ahsanteni. Daktari ametazama picha, akaagiza ashonwe hapa hapa, ukingo ukitiwa alama ya wino kabla ya sindano ya ganzi, kwa kuwa ganzi huvimbisha mdomo.