Groundnut: ni karanga ya kusagwa au ya ardhini?

Kijana wa Nachingwea: Wakuu habari za jioni. Leo kijiweni tumebishana sana juu ya neno groundnut. Mwenzetu mmoja kashikilia kwamba ground ni ile ya kusagwa, yani grind ikienda wakati uliopita inakua ground, na kwa kuwa karanga tunazisaga tunatia kwenye kisamvu basi ndo jina likatokea hapo. Mi naona ni ardhi tu ila sina cha kumkalisha. Naombeni msaada

Binti Mikindani: Ni ardhi kaka. Mwambie aangalie jina la kitaalamu, Arachis hypogaea, kalitoa Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 na hiyo hypogaea asili yake kigiriki, chini ya ardhi. Wajerumani nao wanasema Erdnuss, Erde ni ardhi, na kusaga kwao ni mahlen, hapo atachanganya vipi? Kiingereza maneno mawili tofauti yameangukia tahajia moja basi.

Mkulima Ruangwa: Aliyelima karanga habishi hili. Ua linatoka juu, la njano, likinyauka kinatoka kijiti chembamba kinainama mpaka kinazama kwenye udongo, ile ncha ndo inavimba inakua ganda. Ndo maana tunainulia udongo shinani, ukiwa mgumu kijiti hakipenyi na huvuni kitu. Waingereza na ile Groundnut Scheme yao, mpango wa mashamba makubwa ya karanga enzi za ukoloni, walianzia Kongwa mwaka 1947, udongo wa kule ukikauka haulimiki, wakaja na huku kwetu Nachingwea, mpaka wanafunga 1951 zimeteketea pauni milioni 36 hivi!! Reli ya Mtwara na bandari vilitokana na mpango ule ule.

Kijana wa Nachingwea: Asanteni sana, kesho namfuata nayo hiyo ya kijerumani. Sasa wamarekani wanaita peanut, hiyo pea ni nini tena?

Binti Mikindani: Pea ni njegere. Karanga ni ukoo mmoja na njegere, kunde na mbaazi, ukiliminya ganda linafunguka pande mbili vilevile. Kwa hiyo peanut imetazama ganda, groundnut imetazama inapokaa, na hilo nut wataalamu wa mimea hawalikubali kabisa kwa karanga maana wanaihesabu kwenye mikunde. Hata korosho zetu wanazikatalia. Cashew yenyewe imepita kwa wareno, caju, nao waliokota kwa watupi, wenyeji wa Brazil.