Chakula cha usiku cha wawili nyumbani: biriani, samaki wa kupaka au kununua?

Mume_wa_Tabata
Habari za jioni wadau. Ijumaa ya wiki ijayo mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Miaka yote hiyo anapika yeye, na nimeazimia siku hiyo asiguse mwiko. Watoto watalala kwa bibi yao. Nina jiko la gesi, jiko la mkaa na kibaraza kidogo cha uani. Mimi natoka kazini saa tisa, yeye anafika saa moja usiku. Nawaza biriani ya kuku, au samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, au ninunue hotelini nije nipakue nyumbani. Kupika najua kiasi, wali hauniungulii. Mngechagua lipi?

Binti_Chumbageni
Biriani iache, kaka yangu. Ya watu wawili ina kazi ileile ya watu kumi: vitunguu ukaange mpaka vikauke, kuku umlaze kwenye mtindi na viungo, masala uyakaushe mpaka mafuta yaelee, wali uchemshe kando na zafarani. Mwenzio atakukuta jikoni unanuka vitunguu. Ukiitaka kwa vyovyote, pika masala Alhamisi usiku. Yakilala yanakolea zaidi, na Ijumaa unabaki na wali tu.

Mama_Wawili
Mimi natetea kununua. Mume wangu alinunua pilau na kachumbari, akatandika meza, akaosha vyombo vyote usiku uleule. Asubuhi niliamka nikakuta jikoni kumekauka kabisa. Kwa mwanamke anayepika kila siku, hiyo ni zawadi kubwa. Ila chukua kisichoharibika njiani. Chipsi zikifika nyumbani zimeshalegea.

Mpishi_wa_Feri
Mama Wawili, la vyombo nakubaliana nawe moja kwa moja. Lakini huyu bwana ana mkaa, ana uani na ana muda wa saa nne. Hiyo ni nafasi ya samaki wa kupaka.

Nenda soko la samaki la Feri asubuhi kabla ya kazi kama unaweza, au mwombe mtu akununulie. Changu mmoja wa kilo anatosha. Mpige chale pande zote mbili, umpake ndimu, chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, umwache kwa muda wa saa moja. Nazi mbili: tui zito weka kando, tui la pili pikia wali. Tui zito litie manjano kidogo na ukwaju, ulikoroge bila kuacha mpaka lichemke, maana ukiliacha litakatika. Likishakuwa zito kama uji, liepue. Samaki mchome kwa moto wa wastani mpaka akaribie kuiva, ndipo uanze kumpaka tui, ugeuze, upake tena. Ukipaka mapema tui linaungua na samaki bado mbichi ndani. Makaa mengine palia wali.

Uzuri wake ni kwamba kila kitu kinaandaliwa mapema, kinabaki kuchoma tu. Mtu wako akirudi, anakaa kibarazani mnazungumza huku unageuza samaki.

Mombasa_Mjini
Niongeze moja hapo. Changu ana miiba, na mwataka kula kwa mwanga wa mishumaa. Mtu atakula kwa wasiwasi. Chukua vipande vya nguru, mwiba wake mkubwa waonekana, au fanya kuku wa kupaka, njia ni ile ile. Na mishumaa itie ndani ya glasi, feni isiizime. Mbu wa uani nao uwashughulikie mapema.

Mkaazi_wa_Ngambo
Msisahau harufu. Nunua asumini alasiri vikiwa bado vitumba. Jioni vinafunguka vyenyewe na nyumba nzima inanukia. Ukipata anayetunga kikuba cha asumini, rihani na mkadi, mpe mkononi akishaoga. Udi ufukize chumbani kabla hajaingia, usiulete mezani. Moshi wa udi na samaki wa nazi vinagombana.

Mama_Wawili
Na umwambie mapema kwamba Ijumaa asipike na asile kazini. Mimi nilishawahi kuandaliwa kwa siri, nikarudi nimeshiba na nimechoka. Yule aliyeniandalia aliumia, nami niliumia zaidi.

Mume_wa_Tabata
Asanteni sana ndugu zangu. Nimemwambia leo asubuhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza avae nguo gani. Nimechagua nguru vipande vinne, wali wa nazi, kachumbari na juisi ya ukwaju. Jumapili nitapika kwa majaribio watoto wale. Asumini nitapitia Kariakoo. Vyombo ni vyangu. Sijui tu cha kumalizia, yeye anapenda vitamu.

Binti_Chumbageni
Ndizi mbivu za nazi. Chagua zilizoiva lakini bado ngumu, uzichemshe kwa tui, sukari na iliki, moto mdogo, usizikoroge zikavunjika. Zipike saa kumi, mtazila zimepoa. Ongeza nazi ya tatu kwenye orodha yako.

Mume_wa_Tabata
Nimeongeza.