Kiladini cha milima ya Dolomiti: kimelindwa na milima au na sheria?

Msomaji wa Lushoto ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za Kiladini, lugha iliyotokana na Kilatini na ambayo inazungumzwa na watu wapatao 30,000 kaskazini mwa Italia. Wazungumzaji hao wanaishi katika mabonde matano ya milima ya Dolomiti. Manne kati ya hayo yanauzunguka mlima Sella, nayo ni Gardena, Badia, Fassa na Livinallongo, ambalo wenyeji huliita Fodom. La tano ni Ampezzo, lililo mbele kidogo upande wa mashariki.

Karibu kila maelezo niliyokutana nayo yanadai kwamba lugha hii imesalimika kwa sababu milima iliwatenga wenyeji na dunia. Maelezo hayo hayaniridhishi. Mabonde hayo yamejaa hoteli na magari ya kamba, watalii wanaingia majira ya theluji na majira ya joto, na kama kutengwa ndiko kulikokuwa kinga, basi lugha ingekwisha zamani. Isitoshe, nasoma kwamba hali inatofautiana sana: Badia watoto wanaizungumza tangu nyumbani, ilhali katika mji wa Cortina d'Ampezzo imebaki kwa wachache. Milima ni ile ile. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Mkazi wa Bolzano amejibu:

Ndugu muulizaji, shaka yako ina msingi. Milima ilisaidia hapo mwanzo, lakini hali ya leo inaelezwa zaidi na mipaka ya utawala.

Warumi waliiteka sehemu hii ya Alpi mwaka 15 kabla ya Kristo, na Kilatini walichokipokea wenyeji kikazaa lugha ambazo leo tunaziona kama visiwa vitatu: Kiladini, Kiromanshi cha Uswisi, na Kifriuli upande wa mashariki. Tangu mwanaisimu Graziadio Ascoli alipochapisha utafiti wake mwaka 1873, wanaisimu wamekuwa wakibishana iwapo visiwa hivyo ni familia moja. Ubishi huo haukuwa wa kitaaluma peke yake. Profesa Carlo Battisti, yule yule ambaye uzeeni aliigiza mhusika mkuu katika filamu maarufu ya mwaka 1952, alishikilia kwamba Kiladini ni sehemu ya lahaja za Kiitalia cha kaskazini, na hoja ya namna hiyo iliwafaa sana watawala wa kifashisti waliotaka mpaka wao mpya uonekane kuwa wa asili.

Nasema mpaka mpya kwa sababu hadi mwaka 1918 mabonde yote matano yalikuwa chini ya Austria-Hungaria, katika Tirolo. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa humo humo ndani ya nchi ya Waladini: mwezi Aprili 1916 wanajeshi wa Italia walichimba handaki chini ya kilele cha Col di Lana, juu ya Livinallongo, wakakilipua pamoja na Waaustria waliokuwa wamekishikilia. Baada ya vita eneo lote likaingia Italia. Mwaka 1920 Waladini walikusanyika milimani kupinga hatua hiyo, wakiwa na bendera yao ya buluu, nyeupe na kijani, lakini hawakusikilizwa. Mwaka 1923 Ampezzo, Livinallongo na kijiji jirani cha Colle Santa Lucia vilihamishiwa mkoa wa Belluno. Mwaka 1927, mkoa wa Bolzano ulipoundwa, Gardena na Badia vikawekwa huko, na Fassa ikabaki Trento. Watu wachache namna hiyo wakagawanywa mafungu matatu. Mwaka 1946, vita ya pili ikiwa imekwisha, walikutana tena kwenye njia ya mlimani ya Passo Sella kudai watambuliwe na waunganishwe. Walitambuliwa, ila kila kipande kwa kipimo chake.

Hapo ndipo tofauti uliyoiona ilipoanzia. Mkoa wa Bolzano ulipata mamlaka ya ndani mwaka 1948, yakapanuliwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1972, hasa kwa ajili ya wasemaji wa Kijerumani, na Waladini wakafaidika kama kundi la tatu. Katika Gardena na Badia shule zinafundisha nusu ya masomo kwa Kiitalia na nusu kwa Kijerumani, pamoja na saa mbili za Kiladini kila wiki. Nafasi za kazi za umma hugawanywa kulingana na ukubwa wa makundi ya lugha katika sensa, na katika ile ya mwaka 2011 Waladini walikuwa asilimia 4.53 ya mkoa. Anayetaka ajira ya serikali katika mabonde hayo sharti afaulu mtihani wa lugha zote tatu. Kijana wa Badia anajua kwamba lugha ya bibi yake inaweza kumpatia mshahara. Fassa ilipata haki zake polepole zaidi, na leo ina baraza lake la bonde, Comun General de Fascia, pamoja na kiti chake katika bunge la mkoa wa Trento. Upande wa Belluno, ambao umo katika jimbo la kawaida la Veneto, ulingoja hadi sheria ya taifa namba 482 ya mwaka 1999, iliyozitambua jamii 12 za lugha za wachache katika Italia nzima.

Mpishi wa Msimu amejibu:

Nashukuru kwa historia hiyo, Ndugu Mkazi wa Bolzano, ila naona umeipa sheria sifa nyingi kuliko inazostahili. Saa mbili kwa wiki haziwezi kumfundisha mtoto lugha ambayo haipo nyumbani. Nimewahi kufanya kazi ya jikoni katika hoteli moja huko Corvara, bonde la Badia, na nilichokiona pale ni kwamba biashara ilikuwa mali ya familia. Mama mwenye nyumba alipokuwa akikunja unga wa tutres, ambazo ni kama sambusa za duara zenye mchicha na jibini laini ndani, alikuwa akimwelekeza binti yake kwa Kiladini, anawajibu wageni wa Bavaria kwa Kijerumani kupitia dirishani, kisha anatugeukia sisi wafanyakazi kwa Kiitalia. Hakusita hata mara moja kuchagua lugha. Kiladini kilikuwa cha wao kwa wao, na wala hakuna aliyefikiria kutufundisha sisi, jambo ambalo lilinikera kidogo wakati ule.

Kwa maoni yangu, utalii wa aina hiyo ndio ulioisaidia lugha. Zamani bonde lilikuwa la wafugaji na wakulima wa shayiri walioishi katika viles, yaani vijumba vilivyojibana pamoja vikichangia kisima na tanuri la mkate, na vijana wengi walilazimika kwenda kutafuta riziki mbali. Hoteli za kifamilia ziliwapa sababu ya kubaki. Gardena nako, hasa Ortisei, uchongaji wa sanamu za watakatifu na vinyago vya kuchezea watoto ulikuwa umeshaanza kuwalisha wenyeji tangu karne ya 17. Mahali ambapo mgeni ananunua nyumba yake mwenyewe, badala ya kupanga chumba kwa mwenyeji, mambo huwa tofauti kabisa.

Mhariri wa Lahaja amejibu:

Ningependa kuongeza jambo ambalo halijaguswa. Tunasema Kiladini kana kwamba ni kimoja, lakini kila bonde lina lahaja yake na tahajia yake. Mwaka 1833 padre Micurà de Rü, mwenyeji wa Badia aliyekuwa akitumikia Milano, aliandika sarufi akilenga lugha moja ya maandishi kwa wote. Haikuchapishwa hadi mwaka 1995. Mwaka 1988 kazi ya kutunga lugha hiyo moja ya maandishi ilikabidhiwa Heinrich Schmid wa Zurich, ambaye alikuwa ametunga Kiromanshi sanifu mwaka 1982, na mwongozo wake wa Ladin Dolomitan, yaani Kiladini sanifu, ukatoka mwaka 1998. Kamusi zikaandaliwa, lakini mkoa wa Bolzano ukaamua kwamba katika nyaraka zake zitatumika lahaja za Gardena na Badia.

Sisi tunaotumia Kiswahili tunaweza kuwaelewa pande zote mbili, wanaotaka lugha sanifu na wanaoshikilia lahaja zao. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lugha ilipata vitabu vya shule kutoka pwani hadi maziwa makuu, na watu wa Kimvita walibaki na manung'uniko yao ya haki. Tofauti ni kwamba uamuzi ule ulikuwa na dola nyuma yake, na usanifu wa Schmid haukuwa nayo. Kwa watu 30,000 ambao wote wanajua Kiitalia, na wengi wao Kijerumani pia, sioni ni hasara gani kubwa kukosa lugha sanifu. Gazeti lao la kila wiki, La Usc di Ladins, linachapisha habari za kila bonde kwa lahaja ya bonde hilo, na msomaji wa Gardena anazipitia za Fassa bila kamusi. Hasara iko kwenye gharama, kwa kuwa kitabu cha hesabu cha darasa la pili kinapaswa kutayarishwa upya kwa watoto wachache mno.

Msomaji wa Lushoto ameandika:

Nawashukuru nyote. Mpishi wa Msimu amegusia nyumba zinazonunuliwa na wageni. Nadhani alikuwa akiilenga Cortina. Je, wenyeji wa huko wamekata tamaa?

Mkazi wa Bolzano amejibu:

Hawajakata tamaa, na hapa nakubaliana na Mpishi kwamba soko la nyumba limeiumiza lugha. Cortina iliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1956, na tangu hapo imekuwa mji wa matajiri wenye nyumba za mapumziko ambazo sehemu kubwa ya mwaka hazikaliwi. Kijana wa pale hawezi kushindana nao kwa bei. Kilichobaki imara ni Regole, vyama vya kale vya familia za wenyeji vinavyomiliki misitu na malisho kwa pamoja. Ardhi hiyo haiuzwi wala haigawanywi, na uanachama hurithiwa. Vyama hivyo ndivyo vinavyosimamia hifadhi ya mazingira ya Ampezzo.

Oktoba 2007, Cortina, Livinallongo na Colle Santa Lucia walipiga kura ya maoni na kwa wingi mkubwa wakachagua kuhama Veneto ili waungane na ndugu zao wa Bolzano. Bunge la Italia halijalitimiza hilo. Anayesema haiwezekani kikatiba na aitazame Sappada, kijiji cha jirani chenye lahaja ya Kijerumani, ambacho kilipiga kura kama hiyo mwaka 2008 na kikahamishiwa jimbo la Friuli Venezia Giulia kwa sheria ya mwaka 2017.